Urusi Bila Mapinduzi ya Oktoba: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wanaojaribu kuwaza Urusi ambayo haikupata kutawaliwa na Wakomunisti huanza kwa kumrudisha Tsar, kwa kudhani kwamba Lenin ndiye aliyemng'oa. Ukweli ni kwamba Nicholas II aliachia kiti cha enzi Machi 1917, baada ya migomo na ghasia za mkate mjini Petrograd, mji mkuu wa wakati huo, kuwa maasi yaliyoungwa mkono na askari wale wale waliotakiwa kuyazima, na Lenin wakati huo alikuwa bado uhamishoni Zurich. Waliopinduliwa na Wabolsheviki, chama cha Lenin, miezi minane baadaye (Oktoba kwa kalenda ya zamani ya Urusi, Novemba kwa kalenda ya sasa) ni Serikali ya Muda ya Alexander Kerensky, iliyoshika madaraka baada ya Tsar. Kwa hiyo anayeifuta Oktoba hapati ufalme. Anapata jamhuri changa iliyochoshwa na vita.

Dhana ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba jamhuri hiyo ingefuata ubepari wa Uingereza au Ufaransa. Matokeo ya uchaguzi wa Bunge la Katiba wa Novemba 1917 hayasemi hivyo. Wabolsheviki walipata takriban robo ya kura, lakini walioongoza, kwa nguvu ya kura za wakulima, walikuwa Wasoshalisti Wanamapinduzi, chama kilichotaka umiliki binafsi wa ardhi ufutwe. Bunge lilikutana mara moja tu, Januari 1918, katika Jumba la Tauride. Usiku ulipokuwa umekwenda sana, baharia Anatoly Zheleznyakov, mkuu wa walinzi waliokuwa upande wa Wabolsheviki, alimwendea mwenyekiti, Viktor Chernov wa Wasoshalisti Wanamapinduzi, akamtaka awatawanye wajumbe kwa kuwa walinzi wamechoka. Chernov akaharakisha kusoma vifungu vya sheria ya ardhi, vikapitishwa papo hapo. (Ushindi wa chama chake nao una doa: orodha za wagombea zilitangulia mgawanyiko uliolipeleka tawi lake la kushoto upande wa Wabolsheviki.)

Kwa anayedhani kwamba bila Wakomunisti Urusi isingekuwa na viwanda, inatosha kukumbuka kwamba Reli ya Siberia na karakana za Putilov, kiwanda kikubwa cha Petrograd, zilikuwapo kabla ya 1917.

Wala amani haikuwa na uhakika. Mashambulizi ya Kerensky huko Galicia, eneo la Austria-Hungaria, yalisambaratika kiangazi cha 1917, na mwishoni mwa Agosti Jenerali Kornilov, amiri mkuu wa jeshi, akaelekeza majeshi Petrograd, hivyo udikteta wa kijeshi ni jambo la kuwazika kabisa. Hata hivyo, dikteta huyo angekuta wakulima wamekwisha kuanza kugawana mashamba ya mabwana, na jeshi la kuwanyang'anya lilijaa watoto wao.