Nyanya anasahau sana siku hizi? Usiseme ni uzee tu

Hapa kliniki ya afya ya akili watu wengi wanatuletea mzazi wakati mambo yashaharibika, ashapotea mtaani au ashawasha gesi akatoka, na ukiwauliza ilianza lini wanakwambia aah miaka miwili mitatu nyuma lakini tulidhani ni uzee. Inaniuma sana.

Kusahau jina la mtu halafu likakujia baadae ni kawaida, hata vijana inawapata. Cha kuangalia ni mtu kushindwa na kitu alichokua akikifanya hata amefumba macho. Nyanya amepika mahamri tangu ujana wake, leo ametia unga, iliki, tui, halafu amesimama tu anaangalia bakuli hajui kinachofuata, ama anatia hamira mara ya pili. Babu anauliza "Alasiri ishaadhiniwa?" mnamjibu, dakika tano hazijaisha anauliza tena vilevile. Ama anashuka feri Likoni, njia ya maisha yake yote, na hajui aelekee wapi. Tabia pia inageuka, mpole anakua mkali, ama kila kitu kikipotea dada wa kazi ndo mwizi, kumbe leso ameiweka kwa friji mwenyewe.

Na tafadhali msikimbilie kusema karogwa, wala kwamba yeye ndo mchawi, hapo Kilifi tu wazee wameuawa kwa maneno kama hayo. Huu ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa dimenshia, mara nyingi chanzo ni Alzheimer, maradhi yanayoua seli za ubongo polepole, na presha au sukari iliyoachwa bila matibabu nayo inaharibu mishipa ya ubongo.

Mleteni mapema kwa sababu si kila kusahau ni dimenshia. Shida ya thairoidi (tezi ya shingoni), msongo mzito wa mawazo, dawa za usingizi, upungufu wa vitamini B12 (anayemeza metformin ya sukari miaka mingi anaweza kupungukiwa), yote yanaweza kumchanganya mzee na yote yana matibabu. Alzheimer yenyewe haijapata dawa ya kuponya, lakini zipo za kupunguza makali. Ila akichanganyikiwa ghafla, jana alikua sawa leo hajijui, hapo usingoje kliniki, mkimbize hospitali sahi hiyo, inaweza kua malaria, maambukizi ya mkojo ama kiharusi.

Mkija mbebe dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, na aje yule anaeishi nae kila siku maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi atatwambia hana shida yoyote. Na mkianza kutueleza, mwacheni aongee yeye kwanza, msimzungumzie kama hayupo.