Brexit: dhana potofu kuhusu kura ya 2016 na misukosuko iliyofuata

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza waliulizwa swali moja: nchi ibaki katika Umoja wa Ulaya au ijitoe? Kujitoa huko ndiko kunakoitwa Brexit. Waliotaka kujitoa walikuwa milioni 17.4, waliotaka kubaki milioni 16.1. Pengo hilo dogo lilizaa miaka ya mivutano, na mivutano ikazaa hadithi. Nyingine zilitungwa na walioshinda, nyingine na walioshindwa, na mpaka leo watu huzisimulia kana kwamba ndiyo historia yenyewe.

Dhana: Asubuhi ya matokeo, Uingereza ilikuwa imeshatoka

Haikuwa imepiga hata hatua moja. Sheria ya 2015 iliyoitisha kura hiyo haikuilazimisha serikali kutekeleza matokeo, tofauti na sheria ya kura ya maoni ya 2011 kuhusu mfumo wa uchaguzi, ambayo iliweka sharti hilo waziwazi. Kilichoibana serikali ni siasa. Waziri Mkuu David Cameron alikuwa ameahidi kwamba upande wa kujitoa ukishinda, atatoa mara moja notisi ya kuondoka chini ya Ibara ya 50 ya mkataba wa Umoja. Badala yake alitangaza kung'atuka asubuhi ileile, mzigo akamwachia mrithi wake, Theresa May.

Hata May hakuweza kwenda peke yake. Januari 2017 Mahakama ya Juu iliamua, majaji wanane dhidi ya watatu, kwamba serikali haiwezi kutoa notisi bila idhini ya Bunge. Notisi ilifika Brussels, yaliko makao makuu ya Umoja, tarehe 29 Machi 2017. Nchi ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na bado ikaendelea kufuata taratibu za biashara za Umoja hadi mwisho wa mwaka huo.

Dhana: Wananchi walishasema wanachotaka, wanasiasa ndio waliokorofisha

Hii ndiyo iliyowanasa wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wananchi walisema kutoka. Hawakuulizwa watoke vipi. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo ndani ya soko la pamoja. Uturuki nayo si mwanachama, ila ina umoja wa forodha na wanachama. Uswisi ina rundo la mikataba yake yenyewe. Nchi zote hizo ziko nje, na mtu aliyeweka alama kwenye neno "kujitoa" angeweza kuwa na mojawapo kichwani, au asiwe nayo hata moja. Karatasi ya kura haikuweza kumtofautisha.

Ndiyo maana mvutano ulihamia bungeni, na huko ukakwama. May aliitisha uchaguzi wa mapema Juni 2017 akitaka wingi wa wabunge wa kumsukumia mambo, akapoteza hata ule mdogo aliokuwa nao. Mkataba aliojadiliana na Brussels ulipopigiwa kura tarehe 15 Januari 2019, ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Machi mwaka huo wabunge walijiwekea mezani njia nane wachague wenyewe. Wakazikataa zote nane. Sidhani kwamba kila mbunge aliyekataa alikuwa mkaidi au msaliti, kama magazeti yalivyopenda kuandika. Wengi walikuwa wakitetea tafsiri yao ya jibu ambalo halikuwa na maelezo.

Dhana: Uchumi uliporomoka. Au kinyume chake: wataalamu walidanganya, hakuna kilichotokea

Hizi ni pacha, na zinalishana. Mei 2016 Wizara ya Fedha ilitabiri kwamba kura ya kujitoa italeta mdororo wa haraka na ongezeko la watu 500,000 wasio na ajira. Mdororo haukuja. Ajira ziliendelea kuongezeka, na kufikia mwanzoni mwa 2019 ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia 4, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1970. Waliounga mkono kujitoa walipata cha kucheka, na utabiri ule kweli ulistahili kuchekwa.

Lakini tazama kilichotokea kimyakimya. Usiku wa kuhesabu kura pauni ilitoka karibu dola 1.50 hadi chini ya dola 1.33, kiwango cha chini kabisa tangu 1985. Nchi inayoagiza sehemu kubwa ya chakula na vipuri kutoka nje huilipia bili hiyo, ila huilipa kidogokidogo: mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 0.5 Juni 2016 ulifika asilimia 3.1 Novemba 2017. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imeshaingilia kati. Agosti 2016 ilipunguza riba hadi asilimia 0.25 na kutangaza kununua hati fungani za serikali za pauni bilioni 60. Anayesema hakuna kilichotokea huwa anaisahau dawa hiyo.

Kisha kuna uwekezaji. Kampuni inayofikiria kujenga kiwanda kitakachodumu miaka thelathini haihitaji habari mbaya ili isite. Inatosha isijue bidhaa zake zitatozwa ushuru gani mpakani. Kusubiri hakuna gharama inayoonekana, kwa hiyo wengi walisubiri. Kuanzia 2016 uwekezaji wa kampuni nchini humo ulidumaa kwa miaka kadhaa wakati uchumi wa dunia ukikua. Hakuna taarifa ya habari inayotangaza kiwanda ambacho hakikujengwa, na hapo ndipo sehemu kubwa ya hasara ilipojificha.

Hata kujiandaa kuligharimu. Watengenezaji kadhaa wa magari waliisogeza likizo ya viwanda ya kiangazi hadi Aprili 2019, wakitarajia vurugu baada ya siku ya kutoka, tarehe 29 Machi. Siku ikaahirishwa, viwanda vikafungwa vilevile, maana ratiba ya wafanyakazi na wasambazaji haigeuzwi kwa wiki moja. Ofisi huru ya bajeti ya nchi hiyo, OBR, inakadiria kwamba kwa muda mrefu tija itakuwa pungufu kwa takriban asilimia 4 kuliko kama nchi ingebaki. Ni hasara ya polepole, na hailingani na tangazo la mtu yeyote la 2016.

Dhana: Soko la hisa lilipanda, basi wawekezaji waliridhika

Faharasa ya FTSE 100, inayopima bei za hisa katika soko la London, ilishuka, kisha ndani ya wiki moja ikarudi juu ya ilipokuwa kabla ya kura. Inabeba kampuni kubwa zinazopata mapato mengi nje ya nchi. Pauni ikishuka, dola zao zinageuka pauni nyingi zaidi. FTSE 250, yenye kampuni zinazotegemea zaidi soko la nyumbani, ilipoteza takriban asilimia 7 siku ya matokeo pekee.

Dhana ndogondogo

Ilisemwa Waingereza walikimbilia Google kuuliza Umoja wa Ulaya ni nini baada ya kupiga kura. Takwimu ile ilionyesha ongezeko la kiuwiano, si idadi ya watu, wala haikuonyesha kama waliouliza walikuwa wamepiga kura. Ilisemwa pia ni asilimia 36 tu ya vijana waliojitokeza. Namba hiyo ilikisiwa kutokana na mazoea yao ya kupiga kura, haikupimwa siku yenyewe, na makadirio ya baadaye yaliiweka juu ya 60. Na lile ombi la mtandaoni la kutaka kura irudiwe, lililopata sahihi zaidi ya milioni 4? Lilianzishwa kabla ya kura, na mtu wa upande wa kujitoa aliyehofia kushindwa.

Pauni milioni 350 kwa wiki, zilizoandikwa kwenye basi la kampeni ya kujitoa eti nchi inazipeleka Umoja wa Ulaya, hazikuwa zikienda Brussels. Hesabu hiyo haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipata tangu miaka ya 1980, na mamlaka ya takwimu iliilaumu hata kabla ya kura.

Dhana: Ilikuwa kauli ya Uingereza nzima

Kati ya sehemu nne zinazounda Uingereza, England na Wales zilichagua kutoka. Scotland ilichagua kubaki kwa asilimia 62, Ireland Kaskazini kwa asilimia 55.8. Scotland ilikuwa imekataa uhuru mwaka 2014, na moja ya hoja zilizotumika kuibakiza ilikuwa uanachama wa Ulaya, kwa hiyo madai ya kura nyingine yalifufuka mara moja. Novemba 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge la Scotland haliwezi kuiitisha bila ridhaa ya London.

Ireland Kaskazini ilikuwa fumbo gumu zaidi. Amani ya 1998, iliyomaliza miongo ya machafuko, ilijengwa juu ya mpaka ulio wazi na Jamhuri ya Ireland, na mpaka huo ghafla ukawa mpaka wa Umoja wa Ulaya. Suluhisho lilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka bahari kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, jambo lililowakasirisha wanaotaka muungano na London. Chama chao kikuu, DUP, kiligoma Februari 2022 na kuivunja serikali ya Belfast. Makubaliano mapya ya Windsor, kati ya London na Umoja wa Ulaya kuhusu ukaguzi huo, yalitangazwa Februari 2023, mgomo ukaendelea, na serikali haikurudi kazini hadi Februari 2024.