Nakala ngapi, au mara ngapi zaidi?

Mtafiti akiniletea RNA, yaani nakala ambazo seli hutengeneza kutoka kwenye jeni zake, apimiwe jeni fulani, huwa namuuliza kwanza: unataka idadi ya nakala, au unataka kujua zimeongezeka mara ngapi? Wengi hujibu "vyote viwili". Mara nyingi wanachohitaji ni hilo la pili tu.

Kulinganisha ni rahisi zaidi. RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA (cDNA), kisha PCR huizidisha mzunguko baada ya mzunguko hadi ionekane. Unahesabu mizunguko ya jeni yako na ya jeni rejea, yaani ile inayotarajiwa kutobadilika, katika seli zilizopewa dawa na zisizopewa, kisha unatoa namba moja kwa nyingine. Hesabu ya Livak na Schmittgen ya mwaka 2001 imeenea sana maabara, nayo huchukulia kwamba DNA huongezeka maradufu kila mzunguko wa PCR. Jeni moja ikiongezeka mara 1.9 badala ya 2, baada ya mizunguko 20 jibu limepotoka karibu mara tatu! Pfaffl alitoa fomula inayorekebisha kasoro hiyo mwaka huohuo, na sioni kwa nini watu wanaikwepa.

Kinachonisumbua zaidi ni jeni rejea yenyewe. Jeni rejea iitwayo GAPDH imezoeleka mno, ilhali seli zikikosa oksijeni nayo hupanda. Ukiitumia katika jaribio la namna hiyo, ongezeko halisi la jeni yako litafichika. Ndiyo maana natumia jeni rejea tatu, baada ya kuhakikisha hazitikisiki katika jaribio husika.

Wanaotaka idadi hutumia DNA ya nakala zinazojulikana, wakaizimua mara kumi kumi na kuchora mstari wa mizunguko dhidi ya idadi (kwa logi). Mteremko wa -3.32 ni ufanisi wa asilimia 100, yaani DNA inaongezeka maradufu kila mzunguko. Ila ukikosea kupima hiyo DNA ya mwanzo, majibu yote yamekosewa pamoja.

PCR ya kidijitali haihitaji mstari. Sampuli hugawanywa katika matone, tuseme 20,000, na kila tone hung'aa likiwa na nakala, au haling'ai likiwa halina. Nusu zisipong'aa, nakala si 10,000 bali kama 13,900, kwa sababu matone mengine yamebeba zaidi ya moja. Fomula ya takwimu ya Poisson ndiyo inayosahihisha. Hata hivyo mashine inahesabu cDNA, si RNA, na kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa cDNA hakigeuzi yote.

Kwa hiyo hata idadi kamili mara nyingi hurudi kuwa uwiano. Katika leukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu, nakala za BCR-ABL1, jeni iliyoungana inayoisababisha, huhesabiwa, kisha hugawanywa kwa zile za jeni rejea, mara nyingi ABL1. Daktari anasoma asilimia, akitafuta isiyozidi 0.1.