Maongozi ya Mungu wakati wa usaliti na mateso: maana yake

Maongozi ya Mungu ni fundisho la Kikristo lisemalo kwamba Mungu hakuuacha ulimwengu aliouumba ujiendee wenyewe, bali anautunza na kuufikisha kwenye kusudi lake, hata kupitia matendo ya wanadamu anayoyachukia. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti jambo hilohilo husemwa kwa kifupi: Mungu anatawala.

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tumepatwa na mabaya ya namna mbili. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002 haikuwa na nia mbaya kwa mtu yeyote. Jirani aliyewaonyesha wenye silaha mlango wa jirani yake alikuwa nayo. Kwa hiyo usaliti hulipima fundisho hili kuliko msiba mwingine wowote. Mwenye Zaburi ya 55 analalamika kwamba angestahimili kama aliyemtukana angekuwa adui, lakini alikuwa rafiki waliyekwenda pamoja nyumbani mwa Mungu.

Maandiko hayajibu kwa kuupunguza ubaya huo. Yosefu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, na miaka mingi baadaye aliwaambia kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Tendo ni moja, makusudi ni mawili, wala la Mungu halilifuti lao. Petro anasema vivyo hivyo siku ya Pentekoste: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na bado mikono iliyomwua ilikuwa ya watu wabaya. Yesu mwenyewe alisema kwamba Mwana wa Adamu anakwenda zake kama alivyoandikiwa, kisha akaongeza ole kwa yule anayemsaliti. Anayetetea uovu wake kwa kusema Mungu aliuruhusu amechukua nusu tu ya maneno hayo.

Kwa sababu hiyo naona si haki kumwambia mjane, siku ya kwanza ya matanga, kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Yosefu alilitamka neno lake baada ya miaka, akiwa amelia mara nyingi, na alilitamka yeye aliyeumizwa. Hakuambiwa na mtu akiwa shimoni, ndugu zake walikomtupa kabla ya kumwuza. Aliyeko shimoni anazo Zaburi za maombolezo, na kumlilia Mungu “hata lini?” ni imani pia, kwa maana hakuna amwulizaye hivyo mtu asiyetawala.

Wala fundisho hili halimfungi mtu kinywa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliyaamini maongozi ya Mungu, na bado alipaza sauti hadharani kutetea wakimbizi na raia hadi alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996.

Linabaki swali ambalo waumini huwauliza wachungaji mara nyingi: je, ukiamini kwamba Mungu aliongoza yote, ni lazima umwamini tena aliyekusaliti? Yosefu hakufanya hivyo upesi. Aliwapa ndugu zake nafaka walipokuwa na njaa, lakini alimzuia mmoja wao, Simeoni, akawajaribu, wala hakujitambulisha kwao mpaka Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumwuza, alipoomba abaki mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini.