Presha ikishuka, mwili umeshapigana muda mrefu

Mama mmoja wa miaka sitini na kitu aliletwa usiku na binti yake. Kwa siku tatu mkojo ulikuwa unamchoma, kiuno kinamuuma upande mmoja, na jioni hiyo akaanza kutetemeka kwa baridi. Nilimpima presha, ikasoma 112 kwa 64. Nilikuwa bado mgeni kazini; nilipoiona namba hiyo nikatulia. Binti akanivuta pembeni. "Daktari, mama ananiita kwa jina la dada yake. Na dada yake alishafariki." Nikamjibu kwamba ni homa tu, ikishuka atatulia.

Saa mbili baadaye presha ilisoma 74 kwa 38.

Tangu usiku ule nimehudumia wagonjwa mahututi kwa miaka mingi, na bado naikumbuka sauti ya yule binti. Presha ya mama yake haikuporomoka ghafla kama nilivyodhani. Mwili ulikuwa umeishikilia kwa nguvu zake zote kwa saa nyingi, na kila dalili ya pambano hilo ilikuwa mbele yangu. Alikuwa anahema mara 28 kwa dakika. Maneno yalikuwa yamemchanganyikia. Hakuwa amekojoa tangu mchana. Isitoshe, alikuwa akitumia dawa za presha ya juu, na kawaida yake ilikuwa 150 na zaidi. Kwa mtu wa aina hiyo, 112 ni presha iliyokwisha kuanza kushuka.

Mama yule alikuwa na sepsisi. Watu husema "sumu imeingia kwenye damu". Siwalaumu, ila maneno hayo yanaeleza nusu tu ya jambo. Wapo wagonjwa wengi wa sepsisi ambao damu yao tukiiotesha maabara haioti kidudu chochote. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa waliiandika upya fasili yake: ni pale viungo vya mwili vinaposhindwa kazi kwa kiwango cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi kwa namna iliyopoteza udhibiti. Kidudu ndicho huwasha moto, lakini sehemu kubwa ya uharibifu hutokana na kinga yetu wenyewe.

Ili kuelewa, fikiria jipu. Pale lilipo pamevimba, pamekuwa pekundu, pana joto. Chembe za kinga zimewatambua bakteria na kumwaga kemikali za kuitana ziitwazo saitokini. Kemikali hizo huipanua mishipa midogo ya damu ya mahali hapo na kuzilegeza kuta zake, ili chembe nyeupe zipenye na kwenda kupigana. Uvimbe ule ni majimaji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa. Kwenye jipu hiyo ni kazi nzuri, tena ya lazima. Sasa fikiria jambo hilohilo likitokea mapafuni, kwenye utumbo, misulini na kwenye ngozi, kwa wakati mmoja.

Mishipa ya mwili mzima inapanuka, hasa kwa sababu ya gesi ya nitriki oksidi ambayo kuta zake huizalisha kupita kiasi. Lita tano za damu zilizokuwa zinatosha sasa hazitoshi, maana nafasi ya kujaza imeongezeka. Papo hapo kuta zinavuja, na maji yaliyopaswa kubaki ndani ya mshipa yanaingia kwenye nyama. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuvimba miguu na uso huku mishipa yake ni mitupu. Damu nayo huanza kuganda vipande vidogo vidogo ndani ya vishipa, hewa ya oksijeni isifike inakotakiwa. Moyo wenyewe hulegea.

Mwili haukubali kirahisi. Moyo unakwenda mbio. Mishipa ya ngozi na ya utumbo inabanwa ili damu iokolewe kwa ajili ya ubongo na moyo. Figo zinazuia mkojo. Mapafu yanahema haraka ili kupunguza tindikali inayojikusanya kwenye damu. Ndiyo sababu namwambia kila daktari kijana ninayefanya naye kazi: kabla hujaiamini presha, hesabu pumzi kwa dakika nzima, muulize ndugu kama mgonjwa anaongea kama kawaida yake, kisha uangalie mkojo. Kwa mtu mzima wa kilo 60 tunatarajia angalau mililita 30 kwa saa.

Kipo pia kipimo kisichohitaji mashine. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa kwa sekunde kumi, achia, kisha hesabu mpaka rangi irudi. Ikizidi sekunde tatu, damu haifiki vizuri. Magotini hutokea mabaka ya zambarau, lakini kwenye ngozi nyeusi hayaonekani kwa urahisi, kwa hiyo gusa: goti la baridi kwa mgonjwa mwenye tumbo la moto linatosha kukuamsha. Wala usisubiri homa. Wazee na watoto wachanga wanaweza kupoa badala ya kuchemka.

Mshtuko wa sepsisi ni hatua ya mwisho ya njia hiyo. Tunalitumia jina hilo pale mgonjwa anapokuwa amepewa maji ya kutosha lakini bado anahitaji dawa ya kubana mishipa ili wastani wa presha ubaki 65, huku lakteti, kemikali inayopanda kwenye damu viungo vikikosa oksijeni ya kutosha, ikizidi milimoli 2 kwa lita. Hapo zaidi ya wagonjwa 40 kati ya 100 hufia hospitalini.

Matibabu yana haraka. Damu ya kuotesha huchukuliwa, kisha viuavijasumu huingia mshipani ndani ya saa moja. Dripu nayo huanza, ingawa hapa nina neno. Maji ni dawa, na dawa ina kipimo. Utafiti mkubwa uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000, ukatangazwa mwaka 2011, uliwashangaza wengi: watoto wenye maambukizi makali waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi kuliko wale waliopewa taratibu. Mishipa inayovuja haijazwi kwa kumimina tu. Presha isipoinuka kwa maji ya kiasi, tunaanza noradrenalini, ile dawa ya kubana mishipa, bila kusitasita.

Halafu kuna chanzo. Yule mama alikuwa na jiwe lililoziba mrija unaotoka figoni, na usaha ulikuwa umejaa nyuma yake. Dawa haipenyi vizuri kwenye usaha uliofungiwa. Alipowekewa mpira wa kuutoa, mchana uliofuata dozi ya noradrenalini ilianza kupungua, na sista akaniita nikaone mfuko wa mkojo: mililita 40 kwa saa moja, mweusi kama chai ya rangi. Sijawahi kuufurahia mkojo kiasi kile.

Nilimwomba radhi binti yake kabla hawajaruhusiwa. Miezi mitatu baadaye walirudi kliniki. Mama alikuwa hai, ila nywele zilikuwa zimempukutika, alisahau mambo, na hatua chache zilimtosha kuomba kiti. Binti aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama yake ameanza kukata tamaa ya maisha. Nilimweleza kwamba misuli huisha haraka sana mtu akiwa mahututi na hurudi polepole, pengine kwa mwaka mzima, na kwamba usahaulifu ule ni sehemu ya ugonjwa uleule. Kisha nikamwambia kwamba mama akitetemeka tena kwa baridi, au akianza kuchanganya majina, asisubiri kuche. Amlete usiku huohuo, na akifika mapokezi aseme mama yake aliwahi kupata sepsisi.