Sanamu za Xieng Khuan si za kale, na hazikuchongwa

Juzi nimetumiwa tena picha ya Buddha aliyelala, yule wa bustani ya sanamu ya Xieng Khuan nchini Laos, na chini yake maneno "magofu ya kale". Aliyetuma ni mwanafunzi wangu wa zamani. Mwanafunzi wangu! Nikapika chai kwanza ili nisimjibu vibaya.

Jamani, ni 1958. Ndio mwaka Bunleua Sulilat alioanza kuijenga bustani ile kando ya Mto Mekong, kama kilomita 25 kutoka Vientiane, mji mkuu. Mjomba wangu anaizidi umri. Sanamu zipo zaidi ya 200, za Kibuddha na za Kihindu zimesongamana pamoja kama abiria wa daladala, na zote ni zege.

Kinachowaponza watu ni ule weusi. Zege lisilopakwa rangi lina vinyweleo na hunywa maji. Mvua ikipiga, mwani na kuvu hujipatia makazi, vikifa huacha weusi, na kizazi kingine hukaa juu yake. Kwa mvua za kule, miaka michache inatosha. Nenda Tanga ukaangalie ukuta wowote wa saruji uliokosa rangi masika matatu, halafu uniambie kama nao ni wa enzi za Washirazi.

Ukitaka kujua ukweli, achana na sura, tazama vidole na mikono. Penye nondo karibu na uso, ufa hunyooka kuifuata nondo, na doa la kahawia huchuruzika chini yake. Chuma kikishika kutu hufura, kikalisukuma zege kutoka ndani mpaka likabanduka. Mafundi wa Angkor, yale mahekalu ya kale ya Kambodia, walikuwa na mawe. Nondo hawakuwa nazo.

Na hili la "kuchonga" ndilo linaloniudhi zaidi. Anayechonga hupunguza: ana jiwe au gogo, anaondoa kisichotakiwa, na akikosea ndiyo basi. Wa zege huongeza. Anafunga kiunzi cha nondo, anajaza, anapiga lipu, anaumba sura kwa mwiko kabla saruji haijakaza. Pua ikimtoka mbaya, anaibandua na kuanza upya. Kazi yake ina undugu na ya mfinyanzi na ya mwashi, lakini kila mahali nasoma "mchongaji".

Huwa naulizwa kama zisuguliwe zikawa safi. Darasani nilikuwa najibu ndiyo, kwa sababu ukungu hutunza unyevu jirani na chuma. Siku hizi jibu hilo linanikwama kooni. Ukizipiga maji ya presha unapanua vinyweleo, weusi unarudi haraka kuliko mwanzo. Tena zikitakata, nusu ya watalii watadhani wameingia kwenye yadi ya matofali.

Mwaka 1975 utawala wa Laos ulipobadilika, Bunleua alivukia Thailand, na kuanzia 1978 akajenga bustani nyingine, Sala Keoku, huko Nong Khai, yenye sanamu ndefu zaidi, nyingine kama mita 25. Ukipata nafasi, ione pia.

Xieng Khuan panda basi namba 14 kutoka soko la Talat Sao mjini Vientiane, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anzia kwenye lile jengo lenye umbo la boga kubwa: unaingilia mdomoni mwa zimwi, unapanda ghorofa tatu, kuzimu, duniani, mbinguni. Ngazi ni finyu na ndani giza, kwa hiyo papasa ukuta. Hiyo ni lipu.