Tanuu la chokaa: tusome nini ardhini

Anayetafuta tanuu kongwe la chokaa katika mwambao wetu asitafute jengo. Huko Uingereza matanuri ya mashambani yalijengwa kwa mawe, mgongo umeegemea kilima: mawe na makaa yanatiwa juu, chokaa inachotwa kwenye tundu la chini. Mengi yamesimama hadi leo. La kwetu lilikuwa kuni zenyewe, na moto ulipokwisha nalo likaisha.

Wachomaji walipanga magogo kwa duara, safu juu ya safu, wakaacha uwazi katikati wa kutilia moto. Juu wakarundika matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Jiwe hilo likifikia nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa, na kilo 100 zake, likiwa safi, hubaki kilo 56 tu za chokaa kali, ile inayochemka ikiguswa na maji. Kwa hiyo rundo liliachwa miezi, linyeshewe na kupoa, ndipo waashi walipochanganya na mchanga. Kuta za magofu ya Songo Mnara, Tanzania, na Gedi, Kenya, zimeshikana kwa chokaa ya matumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na kuba zake zote zile, hunifanya niwaze kwanza kuni zilizoteketea.

Kinachobaki ni duara la udongo uliobabuka, majivu, makaa, na vipande vilivyoiva nusu. Hivyo ndivyo ninavyovithamini kuliko vyote: nje unga mweupe, ndani vijitundu vya tumbawe bado vinaonekana. Ushahidi mwingine umo ukutani, chembe za makaa ndani ya lipu. Umri wa makaa hayo hupimika kwa kaboni, ila kipimo kinataja wakati mti ulipokuwa hai, si siku ya ujenzi. Gogo la mti mkongwe huufanya ukuta uonekane wa kale kuliko ulivyo.

Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Tanuu la karne ya 20 halimo mpaka litangazwe rasmi, na jembe hulitawanya upesi. Ukikuta weupe wa duara shambani karibu na bahari, tafadhali usiuchimbe. Piga picha, andika mahali, uipe habari Idara ya Mambo ya Kale. Kisha waulize wazee wa hapo walichoma kwa miti gani, mikoko, minazi au miti ya msituni, na waliikata wapi.